Mtoto wako anapenda spelingi bii? Hivi ndio sisi hufanya mazoezi huku Kisumu

Kuna watoto wa mpira, kuna watoto wa kwaya, halafu kuna hawa wachache ambao ukiwapa kamusi hausikii sauti yao mpaka jioni. Kama uko na mmoja kwa nyumba na ameanza kukusumbua ati anataka kuingia mashindano ya spelingi, usimcheke, na pia usikimbie kununua vitabu vya bei kali. Mimi ni anti wa mmoja, yuko Grade 6, tunakaa Manyatta hapa Kisumu, na jioni nyingi ni mimi nakuwa ticha wake pamoja na wenzake wa ploti. Nitaandika vile sisi hufanya, yenye inakufaa chukua, ingine wachana nayo.

Kwanza kabisa, spelingi bii si imla. Kwa imla mtoto anaandika, anaangalia, anaona imekaa vibaya, anafuta. Kwa maiki hakuna raba. Anasikia neno kutoka kwa mdomo wa mtu mwingine na anatoa herufi kwa mdomo wake, na herufi ikitoka imetoka. Mashindano mengi, hata yale makubwa ya Marekani ya Scripps, yanakubali uanze tena kutoka mwanzo lakini herufi zenye ushasema huwezi kuzibadilisha wala kuzipanga upya. Sasa mtoto mwenye kila jioni ananakili maneno hamsini kwa daftari anajiandalia mtihani mwingine kabisa. Mazoezi ni ya sikio na mdomo, asimame wima, mikono nje ya mfuko, aspeli kwa sauti yenye mtu wa mlango wa pili anasikia.

Na hapo kwa mdomo ndio sisi watu wa huku tuko na kazi. Anza na vokali. Watoto wetu walijifunza a e i o u ya Kiswahili wakiwa wadogo na hiyo haitoki kichwani, sasa akishikwa na woga mbele ya watu anachanganya, anataka kusema herufi E ya Kizungu, ambayo inatamkwa kama i yetu, mdomo unatoa e ya Kiswahili na jaji anasikia A. Anataka I anatoa i, jaji anaandika E. Mwambie aspeli receive haraka haraka akiwa amechoka utaona mwenyewe. Huyu mtoto neno analijua vizuri sana, na ataenda nyumbani. Dawa yake ni boring lakini inafanya kazi, kila siku kabla ya kitu kingine chochote anasema A, E, I zikiwa zimechanganywa, polepole, halafu haraka, halafu akiruka kamba.

Kisha kuna lugha ya nyumbani. Dholuo haina sh wala z, kwa hivyo mtoto wa Kijaluo anaweza kusema fis badala ya fish na zed ikatoka sed. Wakalenjin na Waluhya wengi wanabadilishana b na p, d na t, g na k. Ukienda Nakuru utapata wa Kikuyu na l na r zake. Watu wanachekanga hizi vitu lakini mimi sitaki kusikia mtu akicheka kwa mazoezi, maana mtoto akishachekwa anapunguza sauti, na sauti ikipungua jaji hasikii B wala P. Tafuta tu herufi zake mbili tatu zenye zinamsumbua mzifanyie kazi. Kwa B na P tunaweka kiganja mbele ya mdomo, P inapuliza hewa kwa mkono, B haipulizi hivyo. Ukisimama hapo ukimwangalia unaona mtoto mwenyewe ameshtuka, kumbe ziko tofauti.

Upande wa sikio nao uko na mitego yake. Kiingereza chenye tunaongea Kenya kinaweka maneno mengi kwa sauti moja. Sema hat, hut, heart, hurt vile sisi husema, zote nne zinakaa kama hat. Bad, bud, bird, hivyo hivyo. Kwa hivyo hii ni sheria kwa nyumba yetu na haivunjwi: hakuna kuspeli neno kabla ya kuuliza maana. Hata kama ni neno la mtoto wa nasari. Kwa mashindano karibu yote mtoto anaruhusiwa kuuliza maana, kuuliza ni neno la aina gani, limetoka lugha gani, litumike kwa sentensi, na arudiwe tena. Hizo si maswali za kupoteza wakati. Principal wa shule na principle ya maisha zinasikika sawa, stationery ya kuandikia na stationary ya gari limesimama zinasikika sawa, na mwenye hakuuliza amecheza kamari.

Mfano wa kuwaonyesha ni Faizan Zaki wa Texas, fainali ya Scripps ya 2025. Wenzake wawili waliokuwa wamebaki walikosea, akawa karibu kabisa na ushindi, akapewa commelina. Furaha ikampanda, akaanza kuspeli bila kuuliza chochote, akasema K, A, M, halafu ndio akili ikarudi lakini herufi zilikuwa zishatoka. Akakosa. Bahati yake wenzake pia walikuwa wamekosa raundi hiyo wakarudi wote watatu, na mwishowe akashinda na éclaircissement, neno la Kifaransa. Huyo ni mtoto alikuwa amemaliza nambari mbili mwaka mmoja nyuma, na bado kiherehere kilimshika. Wa kwako hatakuwa tofauti kama hamjafanya kuuliza iwe tabia.

Sasa maneno yenyewe. Wazazi huniuliza list nitoe wapi. Kama waandaaji wametoa list yao fanyeni hiyo kwanza, hilo halina mjadala. Lakini list inaishaga, na raundi za mwisho mara nyingi zinatoka nje ya list, hapo ndio mwenye alikariri anabaki akiangalia ceiling. Mwenye anajua maneno yametoka wapi anaweza kubahatisha na akapata. Kiingereza kimekopa kila mahali, na kila lugha ilikuja na desturi zake za kuandika.

Mimi sianzi na kamusi, naanza na ziwa. Simama Dunga uangalie maji, unaona nini? Hyacinth, lile gugu limejaa mpaka boti zinakwama. Papyrus, yale majani marefu ya kinamasi. Ukisogea Hippo Point kuna hippopotamus. Zote tatu ni za Kigiriki, na Kigiriki kinapenda y mahali wewe ungeweka i, na hyacinth pia iko na th. Hippopotamus ukiifungua inakuwa hippos, farasi, na potamos, mto, kwa hivyo p ziko mbili halafu moja, mtoto akijua hivyo hasahau tena. Ukienda Lake Nakuru kuna rhinoceros, pua na pembe, na ile rh ya mwanzo ni alama ya Kigiriki, utaiona kwa rhythm na rhetoric. Kigiriki pia kinaandika ph kwa sauti ya f, ch kwa sauti ya k kama chorus na chronology, na kina ps na pn zenye p yake hailii, psychology, pneumonia.

Sasa rudi nyumbani uangalie magonjwa, huku kwetu hayakosi. Malaria ni ya Kiitaliano, mal'aria, hewa mbaya, watu wa zamani walidhani inatoka kwa harufu ya kinamasi. Typhoid imetoka Kigiriki, ona hiyo y na ph. Bilharzia imetoka kwa jina la daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, ndio sababu iko na hiyo z karibu na mwisho na lh katikati ambayo haihusiani na Kigiriki hata kidogo. Mosquito ni ya Kihispania. Mpwa wangu alijaza kurasa mbili za daftari na magonjwa peke yake, mama yake akashindwa kuelewa ni mtoto wa aina gani huyu.

Kifaransa ndio kinaua wengi. Plateau, bureau, ile eau ya mwisho ni sauti ya o tu. Antique, boutique. Ch inasomwa sh: machine, parachute, chauffeur. Na herufi za mwisho zinanyamaza, ballet, debris, bouquet. Kwa hivyo mtoto akiuliza neno limetoka wapi na akaambiwa Kifaransa, na anasikia sh, asikimbilie s na h, afikirie ch kwanza. Akiambiwa Kiitaliano afikirie herufi mbili mbili, broccoli, spaghetti, mozzarella. Akiambiwa Kijapani afikirie k na silabi safi karibu kama zetu, karate, tsunami. Ya Kihindi tumeishi nayo hapa mjini miaka na miaka, chutney, khaki, bungalow. Safari mnajua wenyewe.

Kilatini kiko na kitu kimoja lazima kila mtoto ajue, vile herufi zinajirudia pale kichwa cha neno kinaungana na mwili. Accommodate ni ad na commodate, d imegeuka c, kwa hivyo c mbili na m mbili. Illegal ni in na legal. Disappear ni dis na appear, s moja p mbili. Misspell si ya Kilatini lakini njia ni hiyo hiyo, mis na spell, s mbili, na hilo ni neno watu wengi wanakosea, vichekesho.

Kuna sauti moja haina mwenyewe, ile ya katikati ya neno yenye si a si e si o, Wazungu wanaimeza tu. Grammar inaisha na ar ama er? Definite iko na i ama a? Sikio haliwezi kukusaidia hapo. Tafuta ndugu wa hilo neno ambaye anatamka hiyo sauti wazi. Grammar ndugu yake ni grammatical, umesikia a. Definite, ndani iko finite. Confidence, confidential. Hii mbinu ni ya watoto wakubwa kidogo, wa Grade 4 utamchosha bure.

Na pahali ndugu hayuko, tumia Kiswahili. Hii naipenda. Sisi tumezoea lugha yenye inasomwa vile imeandikwa, kwa hivyo mwambie mtoto alisome neno la Kizungu kichwani kama ni la Kiswahili: wed-nes-day, k-ni-fe, ko-lo-nel, re-sta-u-rant, feb-ru-a-ry. Anaposikia wenzdei kwa maiki, kichwani anaimba wednesday ya Kiswahili na herufi zote ziko hapo zimejipanga. Asitoe tu kwa mdomo. Jaji akisikia kolonel atadhani mtoto hajasikia neno.

Mazoezi ya bure kabisa ni barabara. Kutoka Kondele mpaka Kibuye kwa mguu, wacha watoto wasome mabango na wahesabu makosa. Saloon ya nywele mahali ingefaa kuwa salon, hizo hamtamaliza. Accomodation na m moja, loji kwa loji. Stationary kwa duka la vitabu. Resturant. Mwenye anaona kosa kwanza anasema, anaspeli sawa, na anaeleza kwa nini. Kitu kimoja tu, wasiseme kwa sauti mbele ya mwenye duka, huyo mama ako na shida zake.

Kwa daftari usiandike maneno yenye mtoto anajua, hiyo ni kupoteza wino na kujipa moyo wa bure. Andika yenye amekosa peke yake, na kando uandike amekosa kwa sababu gani: hakusikia, alichanganya vokali, hakujua asili, ama alikimbia. Neno lirudi kesho, lirudi baada ya siku tatu, lirudi baada ya wiki, akipata mara hizo zote kata. Baada ya muda angalia hiyo safu ya sababu, itakuambia ukweli. Watoto wengi wenye nimeona shida yao kubwa inakuwa kukimbia, si kutojua. Na maneno mapya kumi kwa siku yametosha sana, ukimpa mia atakariri mia na kusahau tisini.

Spelingi ya Uingereza ama ya Marekani? Ulizeni waandaaji mapema na muwaulize wanatumia kamusi gani. Shuleni kwetu ni ya Uingereza, colour, centre, programme, travelled. Scripps wanatumia Merriam-Webster, ya Marekani. Shida ni simu, simu nyingi zimesetiwa Kiingereza cha Marekani na zinapiga laini nyekundu chini ya colour, mtoto anaona simu imekataa anaamini simu. Badilisha setingi. Ile sauti ya matamshi kwa kamusi za mtandaoni inasaidia sana na haili bando mingi, na kama bando hakuna, maktaba za umma ziko Kisumu, Nakuru na Kakamega, kamusi ziko hapo.

Siku yenyewe. Ale kitu cha kawaida, chai na mkate, si siku ya kujaribu mayai ya kukaanga na soseji ati ni siku kubwa. Aende choo kabla ya kuitwa. Akifika kwa maiki anarudia neno kwa sauti, anauliza maana, anauliza asili, anasema neno tena, anaspeli kwa mwendo mmoja, anamaliza kwa kusema neno. Kama jaji hakutamka vizuri aombe arudiwe, na aombe kwa heshima, "samahani, naomba unirudie" kwa Kizungu chake, hakuna mtu alitolewa kwa kuomba. Kuandika na kidole kwa kiganja inaruhusiwa mahali pengi na inasaidia wale wenye hukumbuka kwa macho. Na apumue kati ya silabi, si kati ya kila herufi, maana akivuta kila herufi anasahau amefika wapi. Mississippi, watu wengi wamezama hapo.

Mzazi, wewe kaa nyuma. Usichezeshe midomo ukimtajia herufi, watu wanaona, na mtoto anaweza kutolewa kwa sababu yako. Akigongewa kengele ya kukosa usimshike mkono mkatoka mbio kama mmeiba. Akae mpaka mwisho na aandike kila neno lenye limetoa mwenzake, hizo ni maneno za bure zenye zimechaguliwa na majaji wenyewe, hakuna list nzuri kuliko hiyo.

Pia asiache vitu vingine. Zaila Avant-garde alishinda Scripps 2021 akiwa na miaka 14, Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda, na wakati huo alikuwa na rekodi za Guinness za kudunda mipira ya basketi. Kabla yake, 1998, Jody-Anne Maxwell wa Jamaika alichukua hilo taji, wa kwanza kutoka nje ya Marekani, na neno chiaroscurist. Nawatajia watoto hawa wawili kwa sababu kuna mtu shuleni lazima atawaambia spelingi ni ya Wazungu na Wahindi.

Kuhusu pesa, mashindano mengine yanaitisha ada ya kujiandikisha, ingine ya tisheti, ingine ya nauli ya Nairobi. Kabla ya kulipa omba sheria kwa maandishi, kamusi yao, na umri wa kila kundi. Wakikuambia sheria mtapata siku hiyo hiyo, mimi pesa yangu sitoi.

Na kama shule haina klabu, anzeni kwa ploti. Sisi tulianza na watoto wanne, Jumamosi saa kumi, sufuria na kijiko ndio kengele. Mmoja anasoma maneno, mmoja ni jaji na anaandika kila herufi vile imesikika, si vile anajua ingefaa, wengine wanaspeli, halafu wanabadilishana. Yule jaji ndio hujifunza mingi kushinda wote. Mwenye kusoma maneno asiwe mama wa mshindani, maana akiona mtoto wake amekwama atatamka ac-com-mo-date mpaka hata paka aipate.